Mtoto wa Nyoka Si Lazima Awe Nyoka: Somo la Istilahi kutoka Mashamba ya Kahawa ya Ruiru



Nimeombwa niandike somo la istilahi katika jarida letu la mwaka huu. Najua wengine wenu mkiliona tu neno "istilahi" mnarukia ukurasa wa mashairi. Ngojeni kidogo. Istilahi ni neno ambalo wataalamu wa fani fulani wamekubaliana litumike kwa maana moja maalumu. Kazi iko hapo penye "kukubaliana" na "maana moja". Watu hubadilisha makubaliano yao, na neno moja huweza kubeba maana mbili au tatu bila kumwambia mtu yeyote. Somo langu ni juu ya tabu hiyo, na mifano mingi nitaitoa hapa hapa kwetu, kati ya Thika na Ruiru, kwenye mmea tunaoupita kila tukienda nyumbani likizo: kahawa.

LALAMIKO TUNALOLISIKIA DARASANI

Kila mara tukisoma sayansi, lazima atoke mmoja aseme, "Aa, hawa wanasayansi hawana msimamo. Leo wanasema hivi, kesho wanasema vile." Mfano unaopendwa sana ni wa Pluto. Wazazi wetu walifundishwa kwamba sayari ni tisa. Mwezi wa Agosti mwaka 2006, wanaastronomia wa dunia walikutana mjini Prague wakapiga kura juu ya maana ya neno "sayari", na Pluto ikatolewa ikawekwa katika kundi la sayari kibete. Basi wenzetu huuliza: kama ukweli unapigiwa kura, tunasoma ya nini?

Mimi naona lalamiko hilo limechanganya mambo mawili. Pluto haikusogea hata hatua moja siku ile. Ilibaki huko huko kwenye baridi yake ikilizunguka jua. Kilichopigiwa kura ni matumizi ya neno. Mwaka 2005 watu walikuwa wametangaza kitu kingine huko mbali, kiitwacho Eris, chenye ukubwa unaokaribiana na wa Pluto. Ikabidi waamue: ama Eris nayo iitwe sayari, na nyingine nyingi zitakazofuata, ama neno "sayari" liwekewe mipaka. Waliamua kuweka mipaka, tena waziwazi, na tarehe ikaandikwa.

Kubadilisha maana waziwazi hakuna ubaya. Ubaya huja pale watu wawili wanapotumia neno moja kwa maana mbili, kila mmoja akidhani mwenzake anasema analosema yeye. Hapo ndipo mwanafunzi hukosa alama na mkulima hukosa mavuno. Na kuna wakati jina lisilo na mipaka liliwasumbua hata watafiti wa kahawa wenyewe, kama nitakavyosimulia.

MBUNI AMEKAUKA, UMEKAUKA, AU IMEKAUKA?

Tuanze na mchezo mdogo wa Kiswahili. Nikikuambia neno "mbuni" utaelewa nini? Aliyetembelea mbuga ya wanyama atamfikiria yule ndege mkubwa asiyeruka. Aliyesoma kamusi atasema ni mti wa kahawa, na wingi wake ni mibuni. Anayependa mavazi atasema ni mtu anayebuni mitindo. Lakini mkulima wa Ruiru atakuambia mbuni ni ile kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake, bila kumenywa wala kuoshwa, ambayo bei yake huwa ya chini. Maana hii ya mkulima si ya mtaani tu. Katika madaraja rasmi ya kahawa ya Kenya kuna MH na ML, na hiyo M ni ya neno hili hili "mbuni": mbuni nzito na mbuni nyepesi.

Hebu sasa tazameni jinsi sarufi inavyotusaidia. "Mbuni amekauka" ni ndege, maskini, au yule fundi wa mitindo. "Mbuni umekauka" ni mti. "Mbuni imekauka" ni kahawa ya mkulima, na hiyo ni habari njema. Ngeli imetenganisha maana tatu bila sisi kuongeza neno. Wale wanaosema ngeli ni mateso tupu, mpo?

Lakini ngeli haifiki kila mahali. Chukua neno "ukungu". Mtu akisema, "Ukungu umeharibu kahawa," anasema nini? Ukungu unaweza kuwa ule moshi wa baridi unaofunika mashamba asubuhi mwezi wa Julai. Unaweza pia kuwa ule uoto mdogo unaoota kwenye mkate uliolala. Maana zote mbili ziko katika ngeli moja, kwa hiyo sarufi inanyamaza. Tena hapa utata ni mbaya zaidi kwa sababu mambo haya mawili hufuatana: uoto huo hupenda sana hali ya baridi na unyevu. Ndiyo maana wanabiolojia huchagua neno "kuvu" kwa uoto huo, na "ukungu" wakawaachia watabiri wa hali ya hewa. Hiyo ndiyo kazi ya istilahi. Inaingia pale sarufi iliposhindwa.

Kuna na herufi tatu zinazotuchekesha: CBD. Kwa mkulima ni kifupi cha jina la Kiingereza la ugonjwa wa matunda ya kahawa. Ndugu zetu wa Tanzania wameupa jina zuri la Kiswahili, chulebuni. Kwa mtu wa Nairobi, CBD ni katikati ya jiji. Mwambie makanga wa matatu pale Ruiru kwamba CBD imeingia shambani kwenu, atadhani mji wa Nairobi umewafikia. Na ukitazama majumba yanayoota kwenye mashamba ya zamani ya kahawa, huenda hatakuwa amekosea sana!

KUVU ILIYOITWA KWA JINA LA WENGINE

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe. Chulebuni uligunduliwa kwa mara ya kwanza hapa Kenya, magharibi mwa nchi, mwaka 1922. Hushambulia matunda ya kahawa yangali mabichi. Doa jeusi hutokea, likadidimia ndani, na tunda likaoza au likakauka mtini. Msimu wa mvua na baridi ukiwa mkali, na mkulima asipofanya lolote, ugonjwa huu unaweza kumaliza zaidi ya nusu ya mazao. Unaosababisha ni kuvu wa jenasi inayoitwa Colletotrichum.

Swali lilikuwa: Colletotrichum ipi? Mwaka 1901, mtaalamu aitwaye Noack alikuwa ameielezea kuvu iliyoota kwenye kahawa ya Brazil, akaiita Colletotrichum coffeanum. Ugonjwa ulipoonekana Kenya, jina hilo lilikuwepo tayari, na kuvu yetu ilifanana na ile kwa macho. Basi ikaitwa hivyo hivyo, coffeanum.

Hapo ndipo mtego ulipotegwa. Chulebuni ni ugonjwa wa Afrika, na Brazil haukuwako. Kuvu aliyoielezea Noack haikuwa inaozesha matunda mabichi. Kwa hiyo jina moja likawa limebeba kuvu mpole wa Brazil na kuvu mkali wa Kenya. Zaidi ya hayo, hata hapa Kenya, ukichukua gome la tawi la kahawa lenye afya na kulitazama kwenye hadubini, utakuta Colletotrichum nyingi zinaishi pale bila kumdhuru mtu. Nazo zikaitwa coffeanum.

Mtu atasema, "Jina ni jina tu, lina shida gani?" Tazameni shida yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti F. J. Nutman na F. M. Roberts walifikiri kwamba gome la matawi ndilo ghala la ugonjwa. Kwenye gome kulikuwa na coffeanum tele, na ugonjwa uliletwa na coffeanum. Ukifuata jina, hesabu inakaa sawa. Ushauri ukawa kwamba mkulima apulizie dawa mapema, kabla ya mvua ndefu, ili kupunguza kuvu kwenye gome. Dawa ni fedha, na kupulizia ni jasho. Lakini ugonjwa haukukoma. Mwishoni mwa muongo huo, hasa mwaka 1968, ulienea vibaya sana.

Mwaka 1969 mtafiti J. N. Gibbs alifanya jambo ambalo sisi wanafunzi tungeliita la kuchosha. Alikaa akazitenganisha Colletotrichum za kwenye kahawa ya Kenya moja baada ya nyingine, akitazama zinavyokua na kama zinaweza kuozesha tunda bichi. Alipata makundi manne. Kundi moja tu ndilo lililoleta chulebuni, na kwenye gome kundi hilo lilikuwa sehemu ndogo ya kuvu zote zilizokuwepo. Chanzo kikubwa cha maambukizo kilikuwa matunda yenyewe yaliyougua. Mwaka 1971 Gibbs, pamoja na Griffiths na Waller, wakaandika juu ya kuuzuia ugonjwa Kenya, na ushauri ukageuka: linda matunda yanapokua, msimu wa mvua unapoendelea, wala usitegemee dawa ya mapema peke yake.

Ndugu zangu, hebu tulitafakari hilo. Mti ulikuwa ule ule, mvua ile ile na kuvu ile ile. Kilichozuia watu wasione ni jina pana mno, lililowaweka wapole na wakali katika kapu moja. Aliyetenganisha maana ndiye aliyebadilisha ratiba ya pampu za dawa mashambani.

KISWAHILI CHAINGIA KATIKA JINA LA KISAYANSI

Hata baada ya hapo, jina rasmi lilichelewa. Kwa miaka zaidi ya 20 watu waliendelea kuandika "coffeanum, ile kali", kama vile tunavyosema "Kamau yule mrefu" darasani. Mwaka 1993, Waller huyo huyo pamoja na Bridge, Black na Hakiza waliipa kuvu hii jina lake yenyewe: Colletotrichum kahawae. Jisikieni raha kidogo, wanachama wa Chama cha Kiswahili! Neno letu "kahawa" limevalishwa mkia wa Kilatini likaingia katika orodha ya viumbe vya dunia nzima.

Tena hawakutoa jina tu. Waliweka na mipaka: kuvu hii hukua polepole maabara, huozesha matunda mabichi ya kahawa, na haiwezi kujilisha kwa sitreti wala tatreti, kemikali mbili ambazo jamaa zake wengi huzila. Mtu wa Thika na mtu wa Lisbon wanaweza kufanya jaribio hilo hilo wakapata jibu moja. Maana nzuri ya kisayansi iko hivyo. Hata usipomjua aliyeitunga, unaweza kuijaribu mwenyewe.

Je, hadithi iliishia hapo? Wapi! Mbinu za kusoma DNA zilipokuja, mpaka ukasogezwa tena. Mwaka 2012 watafiti Weir, Johnston na Damm waliona kwamba kuna kuvu nyingine, kwa mfano kwenye mizeituni ya Australia, zinazokaribiana sana na kahawae kwa DNA, ijapokuwa hazileti chulebuni. Wakaziweka zote ndani ya kahawae, wakiigawa spishi hiyo katika spishi ndogo mbili: ile ya ugonjwa wetu, na nyingine iliyoitwa ciggaro.

Mnaona matokeo yake? Mtego wa zamani ulirudi. Nchi zinazolima kahawa nje ya Afrika huogopa sana kuvu hii isije ikaingia bandarini mwao. Sasa ofisa wa karantini akiambiwa, "Tumepata Colletotrichum kahawae kwenye mmea," afunge mlango au aendelee na chai yake? Inategemea ni spishi ndogo ipi, na watu wakiwa na haraka huacha kuandika sehemu ya mwisho ya jina. Mwaka 2020 kundi jingine la watafiti lilitumia vipimo vingi kwa pamoja, wakaitoa ile ya pili ikawa spishi kamili, Colletotrichum cigarro. Kwa hiyo kahawae ikarudi kuwa jina la kuvu ya chulebuni peke yake.

Maana yake ni hii: ukisoma neno "kahawae" katika maandishi, lazima uangalie mwaka. La 1993 ni kuvu ya ugonjwa. La 2015 linaweza kuwa mojawapo ya mbili. La leo ni kuvu ya ugonjwa tena. Herufi hazikubadilika.

RUIRU 11 NA UTATA WA NENO "MBEGU"

Baada ya hasara ya 1968, watafiti wa kahawa wa Ruiru walianza mwaka 1971 mpango wa kutafuta kahawa inayoweza kuhimili ugonjwa. Mwaka 1985 walitoa Ruiru 11, na jina la mji wetu likasafiri mpaka kwenye vitabu vya kilimo vya nchi za mbali. Huhimili chulebuni na kutu ya majani, huwa fupi, na huweza kupandwa kwa wingi katika shamba dogo.

Wakulima husema Ruiru 11 ni "mbegu" au "aina" ya kahawa, kama vile SL28 ya zamani. Kwa mazungumzo ya sokoni, ni sawa. Lakini kwa maana ya biolojia, Ruiru 11 na SL28 si vitu vya namna moja. SL28 ni aina iliyotulia: panda punje zake, utapata miti inayofanana na mama yake. Ruiru 11 ni mkusanyiko wa machotara takribani 60 walio ndugu. Mama zao ni wa ukoo uitwao Catimor, na baba zao ni miti iliyochaguliwa kwa uangalifu. Mbegu yake halisi hutengenezwa kwa mikono: chavua ya baba inachukuliwa inapelekwa kwenye ua la mama. Ndiyo sababu haipatikani ovyo.

Baba yangu mdogo ana shamba upande wa Gatundu. Likizo moja nilimkuta ameshika kiuno akitazama sehemu moja ya shamba. Miti mingine ilikuwa mifupi kama inavyotakiwa, na karibu robo yake ilikuwa imerefuka kama mlingoti. Tena matunda ya baadhi yake yalikuwa meusi.

"Baba mdogo, hii miche ulinunua wapi?" nikamuuliza.

"Kununua na nini? Niliokota chini ya Ruiru 11 yangu mwenyewe. Mtoto wa nyoka si ni nyoka?"

Wanafunzi wa biolojia, mmeshaelewa. Mlisoma njegere za Mendel: ukizidisha chotara wa kizazi cha kwanza kwa yeye mwenyewe, kizazi cha pili hugawanyika watatu kwa mmoja. Kahawa ya arabika hujichavusha yenyewe. Ufupi wa Ruiru 11 unatokana na jeni tawala iliyotoka kwa mama Catimor, na chotara anayo nakala moja tu. Basi miche iliyojiotea chini yake, robo hivi itakuwa mirefu. Jeni za kuhimili ugonjwa nazo hutawanyika, mche mmoja ukapata na mwingine ukakosa. Baba mdogo alikuwa ametunza miche hiyo karibu miaka minne, akaweka mbolea na kupalilia, kabla shamba halijamwonyesha kilichomo.

Yeye si mjinga, naomba mnielewe. Katika kahawa aliyorithi kwa babu, methali ya nyoka ilikuwa kweli tupu. Neno "mbegu" lilikuwa na maana moja maishani mwake mwote, na hakuna aliyemwambia kwamba kwa Ruiru 11 lina maana nyingine. Kama angeelezwa hivi, "Hii ni mbegu ya chotara, haijirudii," angechukua vikonyo vya Ruiru 11 yake akavipandikiza kwenye visiki, kwa maana kikonyo hubeba jeni zote za mti uliokatwa. Maneno machache kama hayo yangemwokolea miaka. Mwaka 2010 ilitolewa kahawa nyingine, Batian, iliyopitia vizazi kadhaa vya uteuzi, na yenyewe uzao wake hufanana nayo. Kwa hiyo leo mkulima ana "mbegu" za namna mbili mkononi na neno moja mdomoni.

MABADILIKO YA MAANA SI YA NAMNA MOJA

Nisije nikawatisha mkadhani kila maana ikibadilika kuna hasara. Tuchukue kilo. Tangu mwaka 1889 kilo moja ilikuwa ni uzito wa kipande kimoja cha madini ya platinamu na iridiamu kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris. (Mwalimu wa Fizikia, nisamehe. Kule Tanzania wangesema "tungamo", na "uzito" wakauachia ile nguvu ya dunia inayovuta kitu chini. Hapa kwetu neno moja bado linafanya kazi mbili.) Baada ya miaka 100 hivi ilionekana kwamba kipande hicho na nakala zake vimetofautiana kwa mikrogramu 50 hivi. Tarehe 20 Mei 2019 maana ikabadilishwa, na sasa kilo inatokana na namba isiyobadilika ya maumbile, iitwayo namba ya Planck. Je, mizani ya kiwanda cha kahawa iligeuzwa siku hiyo? Hapana. Wataalamu walihakikisha kwamba maana mpya inagusana na ile ya zamani, hata mkulima asihisi kitu.

Lakini kilo hiyo hiyo ina utata mwingine unaomgusa mkulima kila msimu, na hautoki Paris. Mtu akitangaza "bei ya kilo ya kahawa", ni kilo ya nini? Kilo ya matunda mekundu yaliyochumwa asubuhi, au kilo ya kahawa safi iliyokwisha kukobolewa? Huchukua takribani kilo 6 hadi 7 za matunda kupata kilo 1 ya kahawa safi. Majirani wawili wanaweza kugombana mchana kutwa juu ya bei kumbe kila mmoja ana kilo yake kichwani.

Kwa hiyo tukumbuke kuna tabu za namna tatu:

(a) Neno moja kubeba vitu vingi kwa wakati mmoja, kama mbuni, ukungu, mbegu na kilo ya kahawa.

(b) Kitu kimoja kuwa na majina mengi, kama CBD na chulebuni.

(c) Jina kubaki lile lile na mipaka yake kuhama kadiri miaka inavyokwenda, kama sayari na kahawae.

Dawa ya (a) ni kuongeza neno la kufafanua. Dawa ya (b) ni kutaja majina yote mara moja mwanzoni kisha kushika moja. Dawa ya (c) ni kutaja mwaka au mtu aliyeweka maana unayoitumia.

JE, TUKIMBILIE KIINGEREZA?

Wapo wenzetu watakaosema, "Shida yote hii ni ya Kiswahili. Tusome sayansi kwa Kiingereza, mambo yaishe." Siwalaumu, lakini watazame vizuri. Kiingereza huita punje ya kahawa "haragwe", ilhali si haragwe hata kidogo, ni mbegu iliyo ndani ya tunda. Utata wa coffeanum ulikuwa wa Kilatini, uliotungwa na kuendelezwa na mabingwa. Nacho kile kifupi cha CBD kinachomchanganya makanga wetu ni cha Kiingereza. Hakuna lugha iliyozaliwa na maana zake zimekamilika. Wenye lugha hukaa wakazitengeneza, kama walivyofanya wale waliotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia kule Dar es Salaam mwaka 1990.

Wakati wetu sisi ni kuzitumia. Tukiandika insha ya sayansi, tuanze kwa kusema neno letu kuu lina maana gani. Tukibishana kwenye mdahalo, kabla ya kupiga meza, tuulize: "Mwenzangu, ukisema hivyo unamaanisha nini?" Nimeona midahalo miwili mwaka huu ikimalizwa na swali hilo kabla hata kengele haijalia. Na tukirudi vijijini, tusiwarushie wazazi maneno ya maabara tukawaacha hapo. Tuwaeleze mipaka yake, kwa sababu wao ndio wenye shamba na wao ndio watakaolipia dawa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami nadhani kueleza si maringo.

MAZOEZI

1. Tunga sentensi tatu ukitumia neno "mbuni" kwa maana tatu tofauti, na uonyeshe ngeli ya kila moja.

2. "Ukungu umeingia ghalani." Andika sentensi hii upya mara mbili ili kila moja iwe na maana moja tu.

3. Kwa nini jina coffeanum liliwafanya watu waangalie gome badala ya matunda? Jibu kwa aya moja.

4. Mkulima anataka kuongeza Ruiru 11 shambani bila kununua miche mipya. Mwandikie barua fupi ya Kiswahili chepesi ukimweleza la kufanya na la kutofanya.

5. Tafuta neno moja katika kitabu chako cha Kemia, Fizikia au Kilimo ambalo nyumbani lina maana nyingine. Lilete kwenye mkutano wa Chama. Mwalimu mlezi ameahidi kwamba atakayeleta neno gumu kuliko yote atapewa kalamu.

Walimu wetu wa Kiswahili na wa Biolojia walikubali kuisoma kazi hii pamoja. Walibishana nusu saa nzima juu ya neno "spishi", wakaelewana.

Ni mimi mwanachama wenu,
Kidato cha Tatu.